Ngiri Mwenye Kope

Mama Sally alilishusha bakuli kutoka juu ya kabati la vyombo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitoto kichanga kutoka kwa mkunga. Akapuliza vumbi ambalo halikuwapo, akalipangusa kwa ncha ya leso, akaliweka juu ya kitambaa cha kufuma mbele ya mgeni wake, kisha akarudi nyuma kulitazama.

"Haya," alisema. "Mureithi ameniambia kazi yako ni kujua vitu. Jua hicho."

Wavinya aliweka kikombe cha chai chini. Hakuwa ametarajia mtihani. Alikuwa ametarajia maswali ya kawaida ya mama mwenye mwana: kwenu ni wapi, baba yako anafanya nini, unasali kanisa gani, unajua kupika nini kando na mayai. Majibu yote alikuwa nayo, ameyapanga kichwani tangu asubuhi huko kwao Majengo. Mara ya kwanza alipoletwa katika nyumba hii ya mtaa wa Lucky Summer, Mama Sally aliumwa na kichwa ghafla, akashinda chumbani mpaka mgeni akaondoka. Leo kichwa hakikuuma. Leo Mama Sally alikuwa na afya tele, na hiyo ndiyo iliyomtia Wavinya wasiwasi.

"Ni zuri sana, mama," alisema.

"Sikuuliza kama ni zuri. Kuwa zuri najua mwenyewe. Bakuli hili limetoka Italia. Baba Sally alipewa na bosi wake Mwitaliano kabla hajanioa. Kesho kanisani tuna mnada wa kujenga jikoni la akina mama. Mama Gitonga analeta keki ya ghorofa tatu, na tangu atangaze hiyo keki hatusalimiani vizuri. Mimi nimetangaza bakuli la Italia. Nataka nisimame pale mbele nitaje bei ambayo hata mzee wa kanisa ataomba maji ya kunywa. Bei hiyo utanipa wewe."

Mureithi alikuwa kwenye kiti cha pili, magoti yamebanana kama mtoto wa kipaimara. Alikuwa dereva wa gari la mkate, kijana mrefu mwenye sauti nzito na macho mepesi kujaa kicheko, lakini sasa macho hayo yalikuwa yakimsihi Wavinya bila kupepesa. Kwenye ngazi alikuwa amemnong'onezea: "Chochote atakachokuonyesha, sifu. Hata kama ni sufuria. Leo akikukataa, Wavinya, amekataa kabisa. Mathee harudii neno."

Kwa hiyo Wavinya alilichukua bakuli akiwa na nia njema kabisa ya kulisifu.

Lilikuwa pana, zito kiasi, na ukingoni mwake palikuwa na wanyama wanaofuatana mduara mzima: swala, kanga, twiga, halafu ngiri, halafu swala tena. Rangi ilikuwa imetulia kwa miaka bila kubanduka. Vidoadoa vya kanga vilikuwa vimewekwa kimoja kimoja, vidogo kama mtama, kazi ya ncha ya njiti ya kiberiti. Wavinya alilizungusha polepole. Alipofika kwa ngiri, moyo wake uliruka, ukatua mahali pengine.

Ngiri alikuwa na kope.

Kope ndefu, nyeusi, zilizopinda juu kama za bibi harusi. Pembe zake zilikuwa mbaya, pua yake mbaya, vinundu vya mashavuni vibaya, na juu ya ubaya huo wote, macho mawili ya kumwonea huruma.

Na hapo ndipo mkono wa Wavinya ulipomponza. Alizaliwa na kukulia kwenye banda la baba yake, Mativo, mchongaji wa karibu na soko la Gikomba, na katika banda hilo mti hauulizwi jina, unasuguliwa. Wapo wanaochukua mti mweupe wa bei rahisi, wakaupaka rangi ya viatu, wakauza kama mti mgumu wa maana. Kwa hiyo mtoto wa banda hujifunza mapema: kidole gumba ulimini, kidole gumba kitakoni mwa chombo, sugua mpaka pate joto, nusa. Kidole kikirudi na rangi, umeuziwa viatu. Wavinya alifanya hivyo mara nyingi kila siku katika duka la mjini linalomwajiri kununua vinyago. Alifanya bila kufikiri, kama wengine wanavyojikuna.

Akalamba kidole. Akasugua kitako cha bakuli. Akanusa. Kidole kilirudi safi, na harufu tamu ya mti wa muhugu ikampanda puani.

"Haiya!"

Sauti ya Mama Sally ilizima hata redio ya jirani.

"Msichana! Umelitemea mate bakuli langu?"

"Hapana mama, sijatema, nimelamba tu kidole..."

"Amelamba!" Mama Sally alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Baba Sally, umeona? Ati amelamba! Kitu ambacho wajukuu hawaruhusiwi kukipumulia!"

"Nimeona," ilijibu sauti kutoka nyuma ya gazeti.

Mzee Kinyanjui alikuwa amejificha nyuma ya gazeti hilo tangu bakuli lishuke kabatini. Sasa alilishusha kidogo, na juu ya bega la mkewe akamtazama Wavinya. Macho yake yalikuwa ya mtu aliye kizimbani anayemwona shahidi akiingia. Kisha, taratibu, akaweka kidole midomoni.

Wavinya akaelewa. Mzee anajua. Anajua bakuli limetoka wapi, na anajua kwamba yeye amejua.

"Kazi yangu ndivyo inavyofanywa, mama," alisema kwa upole. "Samahani. Nilipaswa kuomba ruhusa kwanza."

"Mate umeshaweka, samahani ni ya nini tena? Sema bei."

"Mama, nipe dakika nipate hewa kidogo. Joto."

"Nitampeleka juu kwa kamba za nguo," Mureithi alisema, akiwa tayari amesimama.

"Mpeleke," Mama Sally alisema, akilifuta bakuli kitako kwa leso, tena na tena. "Na umpe maji. Ulimi wake umefanya kazi nyingi."

Juu ya paa la ghorofa mashuka ya wapangaji yalikuwa yakipigwa na upepo, na ng'ambo mabati ya viwanda vya Baba Dogo yalikuwa yakimetameta kwa jua la alasiri. Mureithi alifunga mlango wa ngazi, akageuka, hajui acheke au alie.

"Wee Wavinya! Bakuli la mathee? Kwa ulimi?"

"Kwa kidole."

"Kidole kilitoka wapi?"

"Mureithi, sikiliza. Bakuli lile si la Italia."

"Najua huenda si la Italia. Nani anajali? Hata mimi nilishangaa zamani, Waitaliano wanajuaje kanga. Sema tu..."

"Ni la mama yangu."

Mureithi alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Mama yangu alilipaka rangi. Baba yangu ndiye labda alilichonga. Yule ngiri, umemwona macho? Kila mpaka rangi pale bandani ana mnyama anayemshinda. Kuna mmoja, simba wake wote wanafanana na mjomba wake. Mama yangu anashindwa na ngiri. Anasema ni mbaya mno, anamhurumia, kwa hiyo anampa kope. Wanunuzi wamelalamika, baba amembembeleza, yeye amekataa katakata. Ati hakuna kiumbe atakayetoka mkononi mwake bila angalau kitu kimoja kizuri. Hakuna mtu mwingine Nairobi nzima anayempaka ngiri kope, Mureithi. Na baba yako anajua. Amenifanyia hivi." Akaweka kidole midomoni.

Mureithi alikaa juu ya kifuniko cha tangi la maji. Mabega yakaanza kumtikisika. "Buda! Kumbe baba! Miaka yote hii tunaambiwa tusikimbie sebuleni, Italia itaanguka!" Alicheka mpaka akapangusa machozi. Halafu kicheko kikamwishia kidogo kidogo, akamtazama Wavinya, na Wavinya akajua linalokuja kabla halijasemwa.

"Basi usiseme," Mureithi alisema.

"Mureithi."

"Sema ni la Italia. Taja laki moja. Kesho kanisa linauza, bakuli linaenda zake, mathee anamshinda Mama Gitonga, anakupenda, tunaoana. Neno moja tu!"

"Na atakayelinunua? Akilileta dukani kwetu nilitazame?"

"Utasema hulijui."

"Mimi? Niseme siujui mkono wa mama yangu?" Wavinya alisogea karibu naye, na rangi ya ghadhabu ilimfanya awe mzuri kiasi kwamba Mureithi alisahau kwa nusu dakika walikuwa wanagombana juu ya nini. "Unajua mama yako atafanywa nini kesho mtu mmoja tu pale kanisani akiwa amewahi kupita Gikomba? Akisimama mbele, aseme Italia, halafu mtu acheke? Unataka Mama Gitonga ale keki yake kwa kicheko hicho?"

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Leo namkana mama yangu ili nikubaliwe. Kesho nitamkana baba. Mwishowe nitaulizwa jina langu nitasema mimi pia nimetoka Italia."

"Unanifanya niwe mtu mbaya, na mimi nataka tu tuwe pamoja!"

"Uliniandikia nini kwenye karatasi ya mkate?"

Mureithi aliangalia chini. Siku aliyoleta mikate kwenye hoteli iliyo chini ya duka la Wavinya, kabla hata hawajasalimiana vizuri, alikuwa amemtumia kwa mkono wa mhudumu kipande cha karatasi chenye harufu ya siagi:

*Macho yako ni mizani, yapima bila ya jiwe,*
*Nimejileta dukani, mwenyewe unichaguwe.*

Naye Wavinya alikuwa amemrudishia karatasi ile ile, ameandika chini: Bidhaa nzuri haijisifu. Tangu siku hiyo mkate wa hoteli hiyo ulikuwa ukifika wa kwanza mjini.

"Ulisema macho yangu ni mizani," Wavinya alisema polepole. "Leo unataka niweke kidole kwenye mizani."

Upepo ulivuta shuka la jirani likapita katikati yao, jeupe, likakaa hapo. Kwa muda Mureithi aliona kivuli chake tu, kichwa kimeinuka, mikono kiunoni. Aliwaza nyumba bila kivuli hicho, akaona hata mkate utakosa chumvi.

"Ukisema ukweli atakufukuza," alisema.

"Nitafukuzwa nikiwa Wavinya."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtu mzima. Utaamua kubaki ama kushuka ngazi na mimi."

Shuka likainuliwa. Mureithi alikuwa amelishika kwa mkono mmoja juu ya kichwa chake, kama mtu anayemfungulia malkia pazia. Macho yake hayakuwa yakisihi tena.

"Nitasimama kando yako," alisema. "Akikufukuza atufukuze wawili. Lakini tafadhali, mpenzi wangu, usilambe kitu kingine."

Wavinya alicheka bila kupenda, na kwa sababu hakukuwa na mtu juu ya paa ila mashuka, alimwacha amshike mkono mpaka kwenye ngazi.

Mama Sally hakuwa ameketi. Bakuli lilikuwa limerudi juu ya kitambaa chake, na gazeti la Mzee Kinyanjui lilikuwa limeinuka zaidi.

"Hewa imetosha?"

"Imetosha, mama. Nitakuambia ninachojua, chote." Wavinya hakuketi. "Bakuli hili ni la muhugu, mti mzuri, na limechongwa kwa mkono. Rangi imepakwa na mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Na katika kazi yangu sijaona chombo kilichotunzwa hivi. Lakini si la Italia. Ni la Majengo."

"La wapi?"

"Majengo. Kwenye banda letu, ukitoka tu Gikomba."

Gazeti lilisikika likitetemeka.

"Wee msichana una ukora!" Mama Sally alilipuka. "Umeona kitu kizuri cha watu, hata chai hujamaliza, tayari umekipeleka kwenu! Ndiyo maana nilimwambia Mureithi, hawa watu wa vinyago..."

"Mama, Italia kuna kanga? Kuna twiga?"

"Umefika Italia?"

"Bado."

"Basi!"

"Mama," Mureithi alisema, akisogea mpaka bega lake likamgusa Wavinya. "Msikilize."

"Nimpigie mama yangu simu ya video," Wavinya alisema. "Sitamwambia lolote. Wewe mwenyewe umwonyeshe. Asipolitambua, nitachukua mkoba wangu na hutaniona tena hapa."

Mureithi alivuta pumzi. Mzee Kinyanjui alivuta pumzi kubwa zaidi. Mama Sally alikunja mikono. "Piga."

Simu ikaita. Uso wa mama yake, Nzembi, ukajaa kioo, una doa la rangi ya manjano shavuni, na nyuma yake nyundo za wachongaji zikigonga.

"Wavinya! Umefika kwa wakwe? Wamekupa chakula ama wamekuangalia tu?"

"Mama, wanakusikia."

"Aiyaa!" Uso ulitoweka, ukarudi ukiwa na heshima. "Hamjambo huko nyumbani! Mungu awabariki!"

Mama Sally hakujibu salamu. Aliinyakua simu, akaliinua bakuli mbele yake kama mwendesha mashtaka anayeonyesha panga. Kwa kitambo hakuna kilichosikika ila nyundo. Kisha:

"Ngiri wangu!" Nzembi alipiga kelele. "Mativo, kuja uone! Ngiri wangu yuko hai! Geuza, mama, geuza hivi. Ona kope zake, hata moja haijatoka! Na yule swala ana goti la manjano, si ndiyo? Rangi ya kahawia iliniishia pale, nikasema hakuna atakayetazama goti."

Mama Sally aligeuza bakuli polepole. Miaka yote hiyo alikuwa amempangusa swala huyo bila kuliona goti lake. Goti lilikuwa la manjano.

Mzee Kinyanjui aliona wakati umefika wa kwenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa vizuri. Aliinuka kimya kimya, akapita nyuma ya mkewe kwa ncha za vidole.

"Ngoja! Huyo anayetoroka hapo nyuma!" Simu ilipiga ukelele. "Mwambie asimame! Si yule kijana wa masikio? Ndiye! Amenenepa, lakini masikio ni yale yale! Huyo ndiye aliyelinunua. Akataka nimwandikie chini neno Italia. Nikamwambia, kijana, mimi nilisoma kidogo tu, naweza kukuandikia Kitui ama Yesu. Chagua."

Wote wakageuka. Mzee alikuwa amesimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mmoja wa wale swala.

"Kinyanjui," Mama Sally alisema. Tangu Sally, mtoto wao wa kwanza, azaliwe hakuwa amemwita kwa jina.

"Naam, Wakiuru."

"Kulikuwa na Mwitaliano?"

"Kulikuwa na mmoja alipita Gikomba."

"Alikupa bakuli?"

"Alinipa salamu."

Mureithi alilazimika kuangalia dari.

"Sasa ningefanya nini?" mzee alisema, mikono ameifungua. "Mama yako aliapa hatampa binti yake mbeba magunia kama mimi. Alitaka mtu mwenye bosi. Nilikutazama pale jikoni unamenya viazi, nikasema uongo wa bakuli moja si kitu, kumkosa huyu ndiyo hasara."

"Na alilipa bei yote bila kuomba apunguziwe!" Nzembi aliongezea kutoka kwenye simu. "Nikamwambia Mativo, huyu ana mapenzi ama ana wazimu."

Mama Sally alijitupa kitini, bakuli mapajani. Hakuna aliyethubutu kusogea. Wavinya alimwona akipitisha kidole juu ya kope za ngiri, na akamwonea huruma ya kweli, maana si rahisi mwanamke kupokonywa nchi nzima alasiri moja.

"Mama yangu," Mama Sally alisema kwa sauti ndogo, "alipokuwa akija hapa, alilivulia bakuli hili viatu. Ati kitu kilichotoka nchi ya Papa. Sisi ambao hata si Wakatoliki!" Mabega yakaanza kutikisika. Mureithi alipiga hatua kumshika, akidhani analia. Hakuwa akilia. Kicheko kilimtoka kwa vipande, halafu kwa debe zima, mpaka leso ikamwanguka. "Viatu! Kinyanjui! Alimvulia ngiri wa Majengo viatu!"

Mzee alijaribu kucheka naye. "Wewe usicheke," aliambiwa. "Wewe bado."

Alipomaliza, alijipangusa uso, akamtazama Wavinya kwa jicho ambalo halikuwa na kicheko tena.

"Huko juu, kijana wangu alikuambia useme nini?"

Wavinya aliangalia kikombe chake cha chai. Mureithi akajibu: "Nilimwambia akudanganye, mama. Alikataa."

"Ulimwangalia na hayo macho yako unayoniangalia nayo ukitaka pesa?"

"Hayo hayo."

"Na akakataa." Mama Sally alitikisa kichwa. "Basi, bei. Ile ya ukweli."

"Dukani kwetu, elfu sita. Anayelipenda sana, nane."

"Elfu sita!" simu ilifoka. "Wavinya, nimekulea hivyo? Kope peke yake ni elfu sita!"

"Mama, hiyo ndiyo bei."

"Usimsikilize, Mama Sally! Huyo ameharibiwa na duka. Usitoe chini ya kumi na tano!"

"Nani amekuambia nauza?" Mama Sally alilikumbatia bakuli. "Hili haliendi popote. Mwanamume huyu alinipata nalo, nitamkumbusha nalo mpaka tuzikwe. Lakini kesho nimeahidi kanisa bakuli, na nikifika mikono mitupu Mama Gitonga atanikatia kipande kidogo cha keki, cha huruma. Wewe Mama Wavinya, huna lingine?"

"Ninalo hapa, rangi ndiyo inakauka. Ngiri watatu."

"Wana kope?"

"Mama, kwani unaniuliza kama wana miguu?"

"Basi nitakuja kulichukua kesho mapema kabla ya ibada. Mureithi ataendesha. Na huyu mzee namleta, aje akuombe msamaha kwa kukufanya Mwitaliano. Na kanisani nitasema wazi limepakwa Majengo, na aliyelipaka ninamjua."

Nyundo kwenye simu zilikuwa zimenyamaza. Nzembi aliisogeza simu karibu na uso. Alipozungumza, sauti yake haikuwa tena ya biashara.

"Mama Sally, nikuulize kitu. Unakuja na mzee wako?"

"Ndiyo."

"Na kijana wako?"

"Ndiyo, nimesema."

"Nyumba yenye msichana. Asubuhi. Mmevaa nguo za kanisa." Nzembi alisita. "Kwetu, watu wakija hivyo, majirani hawaulizi habari ya bakuli. Watanisimamisha mlangoni wote, Mativo atakimbia kutafuta koti. Nataka tu kujua niwaambie mnakuja kufanya nini. Kama ni bakuli, nitawaambia ni bakuli. Sitakasirika. Lakini mtoto wangu asije akachekwa."

Wavinya aliitazama sakafu. Alikuwa hajamsikia mama yake akizungumza hivyo na mnunuzi yeyote, bila mzaha, bila bei. Alihisi mkono wa Mureithi ukiutafuta mkono wake, ukaupata, ukaubana.

Mama Sally alimtazama Wavinya toka kichwani hadi viatuni, akarudi juu, hakuharakisha. Alimtazama mwanawe. Alimtazama mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza alasiri hiyo hakuyakwepesha macho.

"Waambie majirani," alisema, "kesho tunachukua kile kisichotembea. Kinachotembea tutakirudia na wazee, polepole, kwa heshima yake."

Simu ilimtoka Nzembi mkononi. Kioo kilionyesha mabati, kisha mguu wa meza, lakini sauti ilifika vizuri: vigelegele virefu, na nyundo za banda zima zikigongwa kwa pamoja, na Mativo akiuliza kwa mbali ni nini, ni nini, na mtu akimjibu.

"Na mbuzi!" Nzembi alipaza sauti kutoka sakafuni.

"Ya mbuzi hatuongei kwa simu!" Mama Sally alipaza ya kwake. "Nimeshaona watu wa huko mnavyopanda bei!"

Mureithi alikuwa amesimama katikati ya sebule, mdomo wazi, mkono wa Wavinya bado mkononi, na ilionekana wazi kwamba beti zilikuwa zinamjia, nyingi, kwa wakati mmoja.

"Wewe funga mdomo," mama yake alimwambia. "Msichana amesimama tangu ashuke. Mletee kiti."

Mureithi alileta kiti. Alikibeba kwa uangalifu mkubwa, akakiweka karibu na chake, karibu kabisa, mkono kwa mkono. Mama Sally alikitazama kiti hicho kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta, akakisogeza upande wake.